Weka nzito

"Weka nzito, dada. Hii ina supachaja, nyepesi itaiua." Fundi alishafungua dumu la 20W-50 kabla sijajibu.

Gari lenyewe ni Mercedes C200 Kompressor ya 2004, injini M271 ya lita 1.8, na kichaa nimelitia mimi: niling'oa puli ya supachaja nikafunga ndogo zaidi, ili izunguke kasi na kusukuma hewa nyingi. (Majirani zangu Tanga wanasema shangazi mtu mzima hana haya.)

Kesho yake alfajiri niliwasha, cheni ya taimingi ikachakacha kama sarafu kwenye kopo, sekunde tatu nne, ndipo ikatulia. Injini hii hutumia presha ya oili kukaza cheni na kurekebisha kemshafti zake, na oili nzito ikiwa baridi huchelewa kufika. Cheni ndiyo donda ndugu la M271. Nikaimwaga 20W-50 siku hiyohiyo.

Namba ya kwanza kwenye dumu, yenye herufi W, ni ya ubaridi. Ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi unapowasha. Tanga hakuna barafu, lakini hata nyuzi 25 za alfajiri ni baridi kwa oili ambayo kazi yake iko kwenye 100. Namba ya pili ni uzito ikishapata moto: 30 ni nyepesi, 40 inafuata, 50 nzito zaidi.

Supachaja inaingia hapo, ila si kama wengi wanavyodhani. Turbo hunywa oili ya injini. Supachaja hii ina oili yake, imefungiwa kwenye gia zake, wala haijui umeweka nini kwenye injini. Wanaoumia ni beringi za krenki: hewa imeongezeka, petroli imeongezeka, pistoni inashindiliwa chini kwa nguvu zaidi, joto linapanda. Petroli isiyoungua nayo hupenya kwenye ringi na kuizimua oili.

Nikaacha kubishana, nikafunga geji mbili, ya joto la oili na ya presha. Kwa 5W-30 ya kawaida nilipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kona juu ya kona, gia ya pili na ya tatu. Karibu na Soni oili ilifika nyuzi 121, na kwenye mizunguko 3,000 presha ilisoma paundi 27. Mafundi wa mbio wana kipimo chao cha zamani, paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Nilikuwa nimepungukiwa.

Safari iliyofuata niliweka 5W-40 yenye kibali cha MB 229.5. Kona ileile: nyuzi 119, paundi 34. Kibali hicho nakitazama kabla ya namba, maana oili hupimwa ikiwa na nyuzi 150 huku ikisagwa kwa kasi, kama inavyosagwa ndani ya beringi. Zipo 5W-30 zinazofaulu mtihani huo, na ile yangu ya kwanza haikuwa mojawapo.

Ningekuwa nashindana, oili ikipita 130, ningefunga kwanza kipoza oili, kisha ndiyo nifikirie 50.

Namwaga kila kilomita 5,000. Juzi fundi yule wa kwanza aliniuliza kama nimerudi kwenye nzito. Nikachomoa kijiti cha oili, nikampa anuse.

"Petroli," akasema, na kwenda kuchukua spana za kufungulia nozeli.