Pesa za muhula zisiishie kwa chipsi

Wiki mbili za kwanza za muhula huwa ni za kuku na chipsi. Kufikia wiki ya nane, chumba kizima kinaishi kwa chai ya rangi na mandazi, na mitihani imekaribia. Ikiwa wewe ni mwanafunzi unayejipikia katika hosteli au chumba cha kukodi, bila shaka unaifahamu hali hii. Mara nyingi kinachokuangusha ni namna ulivyonunua chakula siku pesa zilipoingia.

Siku hiyo, kabla ya viatu na simu, nenda sokoni ukanunue vyakula vikavu. Usinunue vipakiti vidogo kwenye duka lililo langoni mwa chuo. Walio Nairobi hupata nafaka za kila aina Nyamakima. Nunua kwa gorogoro, ule mkebe wa takriban kilo mbili: maharagwe, ndengu, mchele, unga wa wimbi. Ongeza omena waliokauka vizuri. Mkichanga watu watatu mtanunua zaidi na nauli itakuwa moja.

Lakini kagua kabla ya kulipa. Mahindi au njugu karanga zenye ukungu ziache hata zikiwa za bei ya kutupa. Sumu ya aflatoksini haiondoki kwa kupikwa. Mwaka wa 2004 iliua watu 125 humu nchini, wengi wao kutoka Makueni na Kitui.

Sasa mapishi. Maharagwe ni ya Jumamosi, unapokuwa na nafasi. Yaloweke usiku, umwage maji hayo, kisha uyachemshe kwa maji mapya hadi yalainike kabisa, kwani maharagwe mekundu yasiyoiva huleta kutapika na kuhara. Kama huna friji, usipike sufuria ya wiki nzima. Pika ya siku hiyo. Siku za masomo zina ndengu. Ukiziloweka asubuhi unapokwenda darasani, jioni zitaiva upesi. Omena ni wepesi zaidi: waoshe kwa maji moto, wakaange na kitunguu na nyanya, umemaliza. Kwa kuwa huliwa na mifupa yao, wanakupa madini ya kalsiamu pia.

Sukuma wiki, kunde au terere nunua kila baada ya siku mbili. Mama mboga atakukatia, na ni msaada mkubwa, ila majani yakioshwa baada ya kukatwa hupoteza vitamini nyingi majini. Mwombe ayaoshe kwanza. Kisha yapike kwa dakika chache tu, yakiwa bado na rangi yake.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: chai unayoteremshia ndengu huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Wasichana, ambao hupoteza damu kila mwezi, ndio huumia zaidi. Kunywa chai yako saa moja baada ya kula. Pamoja na chakula kula chungwa au pera, ambalo husaidia chuma kufyonzwa.

Na asubuhi ya mtihani, usipokuwa na wakati wa kukoroga uji wa wimbi, chemsha mayai mawili ukivaa, uchukue ndizi na konzi ya njugu, ule ukitembea.