Oman: Tuliyoonyeshwa na Tuliyoyauliza

Mtu atokaye mjini Unguja kwenda kusini, akaipita Mbweni na ubavu wa kiwanja cha ndege, hufika Chukwani, ambako Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alijijengea jumba la kupumzikia penye upepo wa bahari. Jumba hilo leo ni magofu. Katika Chukwani hiyo hiyo ndipo lilipo Baraza la Wawakilishi, ambamo wana wa wakulima na wachukuzi hutunga sheria za Zanzibar. Na wasomaji wetu wa huko hawana haja ya gazeti kuwaeleza tofauti ya nyumba hizo mbili. Lakini wakaapo barazani jioni huona na jambo la tatu, nalo ni ndege zipaazo kutoka kiwanja hicho cha jirani na kushika njia ya kaskazini, kwenda Arabuni.

Sisi nasi tulipanda mojawapo, kwa nia ya kuitazama kwa macho yetu nchi walikotoka babu zake Barghash, nchi ambayo wengi wetu tumeisikia katika hotuba kuliko tulivyoiona. Hatukwenda kwa mwaliko wa serikali wala wa tajiri ye yote. Tulilipa nauli, tukalipa gari na mtembeza wageni kwa muda wa siku sita, kama alipavyo Mzungu ajaye kwetu kutazama viungo na kasa. Twalitaja hili mapema, ili msomaji asidhani kuwa sifa tutakazotoa zimenunuliwa kwa halua.

Ndani ya ndege, safu tatu nyuma yetu, waliketi wasichana kama wanane, kila mmoja na bahasha ya plastiki yenye karatasi zake. Hao hawakuwa wakienda kutembea. Walituamkia shikamoo, tukaitikia marahaba, kisha tukafungua kitabu chetu cha safari.

Kwa miaka mingi Oman ilikuwa nchi isiyotembelewa. Sultani Said bin Taimur, aliyetawala tangu 1932, hakumruhusu mgeni kuingia ila kwa idhini yake mwenyewe. Malango ya mji wa Maskati yalifungwa usiku, na aliyetembea gizani ilimpasa achukue taa mkononi. Nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali, na barabara ya lami ya kilomita kama kumi. Aliyeugua alikimbilia hospitali ya wamisheni wa Kimarekani huko Matrah. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, lakini fedha yake haikuonekana mitaani mpaka tarehe 23 Julai 1970, Qaboos alipompindua baba yake, jambo ambalo Waingereza hawakuwa mbali nalo. Watalii walikuja kuruhusiwa baadaye sana, miaka ya 1980 ikielekea ukingoni.

Mtembezaji wetu alikuwa mzee wa miaka sitini na ushei, mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono. Alipofungua kinywa tulidhani tumerudi Malindi, kwani Kiswahili chake hakikuwa cha kujifunza kazini. Maskati mtu aweza kununua samaki, kupimwa nguo na kugombana na dereva wa teksi kwa Kiswahili bila kutafuta mkalimani. Baada ya 1970 walirudi huko maelfu ya watu kutoka Afrika Mashariki, nao walipata kazi upesi kwa kuwa walikuwa wamesoma, ilhali ndugu zao waliobaki nyumbani hawakuwa na shule ya kusomea.

Kutoka Maskati hata Nizwa ni kiasi cha kilomita 160, na njia hupita katikati ya milima mikavu yenye rangi ya chuma kilichoshika kutu. Ngome ya Nizwa ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650. Mnara wake wa mviringo una upana wa zaidi ya mita 40, na tumbo lake limejazwa mawe na udongo ili mizinga isiubomoe. Juu ya milango mna matundu ambamo asali ya tende ilimwagwa ikichemka, juu ya vichwa vya maadui. Tulipanda, tukahema, tukapiga picha.

Ngome tuliimaliza kwa saa moja. Kwenye mfereji tulikaa mpaka adhuhuri.

Mfereji huo huitwa falaj. Sisi tuliosoma shule za misheni, jangwa la kwanza tulilolijua ni lile walilolizunguka wana wa Israeli miaka 40, na kwa watoto waliokulia chini ya minazi haikuelekea akilini kwa nini watu wale walinung'unika juu ya maji kila kukicha. Pale Nizwa tuliwasamehe. Mvua ni ya kubahatisha, wala mto wa kudumu hauko. Kwa hiyo watu wa kale walichimba kisima mama chini ya mlima, penye maji, kisha wakatoboa njia chini ya ardhi, kilomita na kilomita, yenye mteremko mdogo sana, hata maji yakatokea juu yenyewe penye kijiji, bila bomba wala mashine. Mteremko ukizidi, maji hula kuta. Ukipungua, mchanga huziba njia. Waliyapima hayo kabla ya kuwako mhandisi mwenye shahada. Falaj Daris la Nizwa ni mojawapo ya matano ambayo UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia mwaka 2006, na yasemwa kuwa mifereji kama 3,000 yangali yakifanya kazi nchini.

Ugawaji wake ndio uliotushangaza zaidi. Maji yatokeapo mara ya kwanza ni ya kunywa, kwa kila mtu, hata mpita njia. Kisha hupita msikitini na penye kuogea, ndipo yaingie mashambani. Huko kila mwenye haki ana fungu lake, na fungu halipimwi kwa debe, hupimwa kwa muda. Fungu moja, waliitalo athar, ni kama nusu saa. Mchana walilipima kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, na usiku kwa nyota. Wakili wa falaj hutunza hesabu, na mafungu mengine hupigwa mnada ili ipatikane fedha ya kuukarabati mfereji. Mtu asitufahamu vibaya: maji hayo hurithiwa na kuuzwa, na mwenye mafungu mengi ndiye mwenye mitende mingi. Hata hivyo, sisi tuliozoea kusema kuwa kugawana kwa haki kulianza Arusha mwaka 1967 tuliona haya kidogo. Tukamkumbuka pia Barghash, aliyeyavuta maji ya chemchemi kutoka Bububu mpaka mjini Unguja. Jambo jema ni jema hata likifanywa na sultani.

Tuliuliza ni nani aliyechimba. Mzee akajibu, "Watu wa kale, bwana mhariri." Tukauliza ni nani asafishaye siku hizi. Akatuonyesha kwa kidevu vijana wawili waliosimama majini mpaka magotini, wakitoa tope kwa makarai. Walikuwa Wabangladeshi.

Siku ya tatu tulielekea mashariki, katika jimbo la Sharqiya, tukafika Ibra. Hapo mtu wa Unguja hana budi kusimama. Mtaa wa kale umejaa majumba ya ghorofa ya mawe na udongo, mengi yameporomoka. Mzee akasema, kama alivyozoea kuwaambia wageni wake, "Haya yamejengwa kwa biashara ya Afrika," akataka kuendelea mbele. Tukamwomba angoje. Biashara gani?

Pande hizo ndiko kwao ukoo wa Al-Harthi, uliokuwa na nguvu kubwa Unguja, na ambao mwaka 1859 ulimwunga mkono Barghash alipomwasi nduguye Majid. Waingereza wakamsaidia Majid kwa askari wa manowari zao, uasi ukavunjwa, Barghash akapelekwa Bombay. Ndiye huyo aliyerudi, akatawala, akajenga Chukwani. Basi mawe ya Ibra na mawe ya Chukwani ni ndugu, na yalilipiwa kwa mfuko mmoja. Biashara yenyewe ilikuwa karafuu, pembe za ndovu, na watu. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa, na watumwa wengine walipakiwa majahazini mpaka huko huko Oman kupanda mitende na kuimwagilia. Tende za Oman ziliuzwa hata New York katika karne ya 19, na Mmarekani aliyezila hakuwa na habari kuwa jasho la Mnyasa lilikuwamo. Barghash alishurutishwa na Waingereza kuipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873. Kwetu Unguja utumwa ulipoteza nguvu ya sheria mwaka 1897. Oman ulingoja mpaka 1970.

Tulimweleza mzee kuwa kwetu, pale Mkunazini, mtembezaji humpeleka mgeni penye soko la watumwa kabla hajanywa maji, na tukamwuliza kwa nini yeye huonyesha majumba na kuliacha soko. Alinyamaza kitambo, akavua kofia yake, akaitia mfukoni.

"Bwana mhariri," akasema, "mimi nimezaliwa Unguja. Mwaka 1964 nilikuwa na miaka sita. Nanyi je, katika matembezi yenu huwaonyesha wageni alipozikwa baba yangu?"

Hatukuwa na jibu la upesi. Sisi ni watu wa Chama. Twaamini, wala hatutaacha kuamini, kuwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliuondoa utawala uliomfanya mkulima kuwa mgeni katika shamba alilolipanda kwa mikono yake. Lakini siku zile walikufa pia watu wasio na hatia, na wengi wao walikuwa Waarabu, na mtoto wa miaka sita hakuwa kabaila. Tulimwambia hivyo, palepale, juani. Hakusema neno. Aliwasha gari, na baada ya mwendo wa nusu saa akasimama dukani akatununulia maji baridi, akakataa tusimlipe.

Mchanga wenyewe tuliuona Bidiya, ambako lami hukoma na dereva hupunguza upepo wa magurudumu ili gari lisizame. Jangwa hilo lina urefu wa kilomita kama 180 na upana wa kama 80, na vilima vyake vimepangwa na kusi, upepo ule ule uliozichukua jahazi zetu kutoka Unguja kwenda Arabuni. Tulipanda kilima kimoja kwa mikono na miguu, viatu vimejaa, tukalitazama jua likizama. Ni pazuri, na yatosha kusema hivyo.

Tuliporudi mjini Bidiya, mtu mmoja aliyefahamiana na mzee alitukaribisha kwake kwa kahawa. Ililetwa kahawa chungu, tende, na halua iliyokuwa sawasawa na ya kwetu. Aliyeshika sinia alikuwa msichana, na aliposikia Kiswahili chetu vikombe viligongana. Mwenye nyumba alipotoka kupokea simu, msichana akapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba. Mnatoka Unguja?"

"Marahaba mwanangu. Twatoka Unguja. Nawe kwenu wapi?"

"Chukwani."

Alisema upesi, kama mtu ahesabuye chenji huku daladala limekwisha kuondoka. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha, na miezi mitatu ilikuwa imepita juu yake. Mshahara alipewa, lakini pasipoti hakuwa nayo. Hakupigwa. Alirudia hilo mara mbili, "Sipigwi, baba," kana kwamba alikuwa akimtetea mwajiri wake mbele ya hakimu.

Mambo haya hayakuwa mageni kwetu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na nchi za Falme za Kiarabu: pasipoti zilizozuiwa, mishahara iliyopunjwa au isiyolipwa, siku zisizo na mapumziko. Oman yenyewe ina waraka wa wizara tangu 2006 unaomkataza mwajiri kuzuia pasipoti ya mfanyakazi. Tuliyajua yote hayo kwa kuyasoma, na bado tulikuwa tumekaa na wasichana wanane katika ndege moja kwa saa kadhaa bila kuwauliza hata mmoja kama mkataba wake ameusoma.

Tulimwambia mzee. Tulidhani angetusihi tunyamaze, maana yule alikuwa rafiki yake, na mtembezaji huishi kwa milango ya marafiki. Mwenye nyumba aliporudi, mzee alisema naye kwa Kiarabu, pole pole, akiwa ameshika kikombe kitupu. Mwenye nyumba hakukasirika. Alisema pasipoti imo kabatini, isije ikapotea. Mzee akajibu maneno machache tusiyoyaelewa. Yule bwana akaingia ndani, akakawia, akarudi nayo, akampa msichana mbele yetu, akasema tiketi itakatwa baada ya Ramadhani. Ramadhani ilikuwa mbali kwa miezi minne. Kama baada ya gari letu kuondoka pasipoti ilirudi kabatini, hatukuwapo kuona. Tuliandika jina la msichana na la mwajiri, na karatasi hiyo tuliifikisha ubalozini kwetu Maskati siku iliyofuata.

Mama yake tulimtafuta Chukwani mara tuliporejea. Alitusikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, kisha akauliza kama mwanawe amekonda.