Mfumo Endeshi Hauuzwi Tena, Unapangishwa

Ukimpelekea fundi wa Kariakoo kompyuta iliyogoma, ukamwambia unataka akupigie Windows, atakutajia bei palepale. Bei hiyo ni ya kazi yake: muda atakaokaa na mashine, flashi yake, na programu mbili tatu atakazokuongezea. Windows yenyewe haimo katika hesabu. Ni kama upepo wa tairi: unalipia kujaziwa, hulipii upepo. Ndiyo maana wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mfumo endeshi ni kitu cha bure.

Imani hiyo ina ukweli nusu. Mtumiaji wa kawaida hajawahi kuwa mlipaji mkuu wa mfumo endeshi, si hapa wala Marekani. Lakini bei ipo, na kila zama imefichwa mahali pake. Anayetaka kujua mifumo hii inaelekea wapi na aulize mambo mawili tu: nani analipa, na analipia nini.

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya mashine na kila unachokifanya. Ukitaka kuchapa barua, ndio unaoitafuta printa. Ukifungua programu tano kwa pamoja, ndio unaozigawia kumbukumbu na zamu ya kufanya kazi. Ukiandika nywila, ndio unaoamua uingie au ubaki nje. Kwa kuwa kila kitu kinapita kwake, anayeumiliki ana cheo cha mwenye jengo, na waliomo wote ni wapangaji wake.

Microsoft ililielewa hilo mapema. IBM ilipotaka mfumo wa kompyuta yake ndogo, ile iliyotoka Agosti 1981, Microsoft haikuwa nao. Iliupata kutoka kampuni ndogo ya Seattle kwa fedha isiyofika dola 100,000, ikaufanyia marekebisho, ikaipatia IBM. Ujanja ulikuwa kwenye mkataba: Microsoft ilibaki na haki ya kuwauzia leseni watengenezaji wengine. Walipotokea walioiga kompyuta ya IBM, karibu wote walikwenda kubisha hodi kwenye mlango huohuo. Baadaye ikaja mikataba iliyomtaka mtengenezaji alipie kila kompyuta ya aina fulani iliyotoka kiwandani kwake, hata kama haikuwekwa mfumo wa Microsoft. Nani basi angenunua mfumo wa mshindani, ilhali wa Microsoft ameshaulipia? Serikali ya Marekani iliingilia kati, na mwaka 1994 Microsoft ikakubali kuuacha mtindo huo.

Kwa hiyo hata Agosti 1995, watu walipopanga foleni madukani usiku wa manane kununua boksi la Windows 95 kwa takribani dola 210, foleni ile ilikuwa sherehe. Mlipaji wa kudumu alikuwa kiwandani, na gharama yake ilikuwa imeshaingia katika bei ya kompyuta kabla mteja hajaiona.

Kisha bei ya boksi ikaanza kuporomoka. Mac OS X ya Apple iliuzwa dola 129 ilipotoka mwaka 2001. Toleo la mwaka 2009, Snow Leopard, liliuzwa dola 29 kwa waliokuwa na toleo lililotangulia. Oktoba 2013 toleo la Mavericks likatolewa bure. Apple inauza mashine, na mfumo umekuwa kama chumvi ndani ya pilau: hakuna mgahawa unaoiandikia bei yake. Mwaka 2015 Microsoft nayo ilitoa Windows 10, na kwa mwaka mzima wenye Windows 7 na 8 waliruhusiwa kuhamia bila kulipa.

Kama boksi halina bei, fedha zinatoka wapi? Hapa mfanyabiashara wa Kariakoo ataelewa haraka kuliko mhandisi, maana analijua neno lenyewe: kilemba. Unalipa kilemba ili ukae kwenye fremu wanakopita watu. Mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya utafutaji inayofunguka yenyewe kwenye kivinjari cha Safari. Kiasi hicho kilijulikana katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria kwa kulinda ukiritimba wake kwenye utafutaji.

Android nayo ina hesabu zake. Msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuuchukua bila kulipa. Lakini mtengenezaji wa simu anayetaka duka la Play lazima akubali masharti ya Google, na bila Play simu yake itachacha dukani. Kwa masharti ya namna hiyo, yakiwemo ya kulazimisha programu ya utafutaji na kivinjari cha Chrome viwekwe tangu kiwandani, Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 mwaka 2018. Juu ya kilemba kuna kodi: maduka ya programu ya Apple na Google yamezoea kukata hadi asilimia 30 ya mauzo yanayofanyika ndani yake. Wewe ulipewa mfumo bure. Aliyelipa ni yule anayetaka kukufikia.

Sasa kuna bidhaa nyingine mezani, nayo ni muda. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kesho yake kompyuta ziliwaka kama jana. Kilichokoma ni viraka, yale marekebisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambayo wahalifu wanaweza kupenya. Thamani ya viraka ilionekana Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipofunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi, ikadai fedha ili iyafungue, na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na wale ambao mifumo yao ilikuwa imeshaachwa.

Aliyetaka kubaki na Windows 10 aliuziwa mwaka mmoja zaidi wa viraka kwa dola 30, au aupate bila fedha akikubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Makampuni yalitajiwa dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, kisha bei inazidishwa mara mbili kila mwaka hadi wa tatu. Zitazame bei hizo vizuri. Mfumo ni uleule ambao tayari unao. Unachonunua ni siku za kuendelea kukaa ndani yake kwa amani. Hiyo ni kodi ya pango.

Kuhamia Windows 11 hakuna malipo kwa mwenye Windows 10 halali, lakini mlango wake ni mwembamba. Inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa ambazo nyingi ni za kuanzia mwaka 2018 hivi. Sharti hilo linatugusa sisi tunaonunua kompyuta zilizokwisha kutumika ughaibuni. Mashine ambayo ofisi ya huko imeiondoa kwa kuwa haiingii Windows 11 inaweza kabisa kuwa ndiyo hiyo uliyoonyeshwa dukani, imefutwa vumbi, bei yake inapendeza. Fundi anaweza kuilazimisha ikubali, au akakuwekea Windows ya kukraki. Itawaka. Ila programu ya kukraki imeandikwa na mtu usiyemjua, nawe umemkabidhi funguo zote za nyumba.

Afrika Mashariki imeshaona sura nyingine ya mwenye jengo. Julai 2020 Safaricom na Google zilianzisha Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja aliweza kuchukua simu ya Android na kuilipia kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Mtu asiye na hati ya nyumba wala shamba alipata simu janja, na hilo si dogo. Lakini asipolipa, simu inajifunga. Mkopeshaji hahitaji dalali wa mahakama. Mfumo endeshi unaifanya kazi hiyo ndani ya mfuko wa mdaiwa.

Je, hakuna jengo lisilo na mwenyewe? Lipo. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, haidai leseni ya kununua. Red Hat iliijengea biashara kwa kuuza huduma na uhakika badala ya programu, na mwaka 2019 IBM iliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 34. Ubuntu, aina ya Linux iliyotoka mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ina jina ambalo ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hakuna aliyeombwa ruhusa, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Huko Ujerumani, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza mwaka 2024 kwamba litahamisha kompyuta zake zipatazo 30,000 kwenda kwenye programu huria. Tahadhari ni moja: leseni ikiondoka, gharama inahamia kwa watu. Lazima kuwe na mafunzo, na fundi anayeijua Linux, ambaye mitaani bado hapatikani kirahisi.

Kwa upande wa makampuni makubwa, safari inaelekea kwenye upangaji kamili. Tangu 2021 Microsoft inauza Windows 365, ambamo kompyuta yako nzima imo kwenye seva zao, na unailipia kila mwezi kama king'amuzi. Kwa ofisi yenye intaneti imara ni nafuu ya usumbufu. Kwa duka la vipuri linaloishi kwa bando, bando likikata, ofisi imefungwa. Na tangu 2024 kuna kompyuta za kundi la Copilot+, zinazotakiwa kuwa na chipu ya akili unde inayofanya operesheni trilioni 40 kwa sekunde. Sharti la TPM lilituonyesha jinsi mfumo unavyoweza kuistaafisha mashine nzima, na sharti hili jipya lina uwezo uleule.

Mnunuzi wa hapa ana ulinzi mmoja wa bure, nao ni tarehe. Samsung iliahidi masasisho ya miaka saba kwa simu za Galaxy S24 zilipotoka mwaka 2024. Ahadi ya namna hiyo ni sehemu ya bei sawa na kamera au betri. Kompyuta ya shilingi laki nne ambayo mfumo wake umeshaachwa inaweza kuwa ghali kuliko ya laki sita yenye miaka mitano mbele. Kwa hiyo siku ukirudi kwa fundi kupigiwa Windows, sikiliza bei yake, kisha muulize jambo ambalo bei hiyo haisemi: mfumo huu utahudumiwa mpaka lini? Kama hajui, itafuteni tarehe hiyo pamoja kabla hajachomeka flashi.