Kinachomfanya panya amsafishe mwenzake

WAHENGA walisema kinyozi hajinyoi. Panya nao huifuata methali hiyo kwa njia yao: mmoja humlamba mwenzake kichwani na shingoni, akimtoa uchafu mahali ambapo ulimi wa mwenyewe haufiki.

Swali ambalo limewashughulisha wanasayansi kwa miaka mingi ni hili: tabia hiyo ya ujirani mwema imeandikwa wapi mwilini?

Dokezo moja lilipatikana Marekani mwaka 1997. Kwa kawaida, panya wa maabara wanaoishi katika kizimba kimoja hupunguzana sharubu kwa meno. Watafiti walipoiondoa jeni iitwayo Dvl1, panya hao walibakia na sharubu ndefu. Isitoshe, viota vyao vilikuwa hafifu na hawakulala wamebanana pamoja kama wenzao.

Mwaka 2002, Joy Greer na Mario Capecchi wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza hali iliyo kinyume cha hiyo. Panya wenye hitilafu katika jeni ya Hoxb8 walijilamba na kujitafuna kupita kiasi, hadi wakapata vipara na vidonda. Walipowekwa pamoja na panya wazima, waliwanyonyoa hao pia.

Jambo hilo lilistaajabisha, kwa kuwa Hoxb8 ni ya ukoo wa jeni zinazoelekeza jinsi viungo vinavyojipanga kiumbe kinapoumbika tumboni. Vipi jeni ya ujenzi wa mwili itawale mwenendo?

Jibu lilitolewa mwaka 2010, miaka mitatu baada ya Capecchi kutuzwa Nobeli ya Tiba pamoja na wenzake wawili. Kikosi chake kiligundua kwamba, ndani ya ubongo, seli zinazotokana na ukoo wa Hoxb8 ni mikroglia. Hizi ni seli za kinga: huzoa mabaki ya seli zilizokufa na kupogoa miunganisho ya neva isiyohitajika.

Lakini je, huenda panya hao walijikuna kwa sababu ngozi yao ilikuwa na kasoro? Kwa hakika, hawakuhisi maumivu sawasawa. Ili kuondoa shaka, watafiti waliiharibu jeni hiyo katika uti wa mgongo pekee. Panya walipungukiwa na hisia za maumivu, ila hawakujinyonyoa. Ilipoharibiwa katika seli za damu na kinga pekee, walijinyonyoa ilhali hisia zao zilikuwa timamu.

Kisha ukaja ushahidi mzito zaidi. Panya wagonjwa walipandikizwa uboho wa mifupa kutoka kwa panya wazima. Baada ya wiki kadhaa walianza kutulia, na kufikia miezi michache manyoya yalikuwa yameota tena. Baadhi yao walipona kabisa.

Matokeo haya yanamhusu binadamu pia. Wako watu wanaojing'oa nywele bila kuweza kujizuia, na wengine wanaonawa mikono mara kwa mara hadi ngozi ikachubuka. Aghalabu hushutumiwa kwamba wana tabia mbaya, au husemekana wamerogwa.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Panya si mtu, na kupandikiza uboho ni tiba yenye hatari kubwa ambayo haitumiwi kwa maradhi haya. Wanaougua hufaidika zaidi na ushauri wa wataalamu unaowafunza kuidhibiti tabia hatua kwa hatua, na baadhi yao hupewa dawa.

Ila funzo lenyewe ni bayana. Jambo tunaloliita mwenendo laweza kuwa na chanzo katika seli zisizoonekana kwa macho. Anayejinyonyoa hakosi adabu, anahitaji msaada. Naye, kama kinyozi, hawezi kujinyoa peke yake.