Pigo la Kuvizia Halidai Wepesi

Swali hili linarudi kila kundi jipya linapokaa mezani kuunda wahusika, tena kwa maneno yale yale: nikichanganya Barbari na Mjanja, nipandishe Nguvu au Wepesi, maana ghadhabu inataka Nguvu na pigo la kuvizia linataka Wepesi? Majibu yanayofuata huwa mabaya kuliko swali. Huyu atashauri uchague kimoja na kukubali hasara, yule ataapa kwamba fani hizo mbili haziivi chungu kimoja, na wa tatu atamwomba msimamizi wa mchezo amruhusu kuvizia na shoka kubwa. Kosa limo ndani ya swali lenyewe. Hakuna mahali katika kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, si katika kitabu cha 2014 wala katika marekebisho ya 2024, palipoandikwa kwamba pigo la kuvizia lazima lipigwe kwa Wepesi. Ni imani tu, imerithishwa kutoka meza moja hadi nyingine, na kila anayeirithi anaunda mhusika dhaifu kisha analaumu fani.

Masharti yenyewe yasomwe polepole. Pigo la kuvizia hupatikana mara moja katika zamu, na linadai mambo mawili. Kwanza, silaha iwe ya ustadi au ya masafa. Pili, mshambuliaji awe na faida, yaani arushe dadu mbili za pande ishirini na kuchukua iliyo kubwa; au, kama hana faida wala kikwazo (kinyume cha faida), awepo mtu mwingine mwenye uadui na mlengwa, asiyelemazwa, ndani ya futi 5 kutoka kwa mlengwa huyo. Masharti yanaishia hapo. Silaha ya ustadi, kama vile rapia, upanga mfupi, kitara au jambia, humpa mwenye kuishika hiari ya kutumia Nguvu au Wepesi, na hiari hiyo haiondoi sifa ya silaha. Rapia iliyopigwa kwa Nguvu inabaki rapia. Mwenye nyumba akiagiza mlango ufunguliwe kwa ufunguo wa shaba, hajasema ufunguo huo ushikwe kwa mkono wa kulia. Sasa geukia upande wa Barbari uone jinsi waandishi wale wale walivyoandika walipotaka sifa fulani itumike. Nyongeza ya madhara ya ghadhabu: kwa shambulio linalotumia Nguvu. Shambulio la pupa, ambalo Barbari analipata ngazi ya 2: faida kwa mashambulizi yanayotumia Nguvu. Walipohitaji Nguvu waliitaja kwa jina. Katika pigo la kuvizia hawakutaja sifa yoyote, na walipokirudia kitabu miaka kumi baadaye, wakiwa na kila nafasi ya kuongeza neno, hawakuliongeza.

Atasimama mtu aseme hiyo ni hila ya maneno na kwamba roho ya kanuni ni nyingine. Hoja hiyo ina asili, na ni haki kuieleza. Fani ya mwizi iliingia mchezoni mwaka 1975, katika nyongeza iliyoitwa Greyhawk, na wakati huo pigo lake lilikuwa la mgongoni hasa: ufike nyuma ya adui bila kujulikana. Toleo la tatu la 2000 lililegeza sharti hilo, ikatosha adui kuzingirwa pande mbili, lakini toleo hilo hilo lilimnyima mwenye ghadhabu stadi zinazotaka utulivu, kunyata kimyakimya ikiwamo. Toleo la nne la 2008 likajenga mashambulizi ya Mjanja juu ya Wepesi. Mchezaji aliyepitia matoleo hayo, au aliyefundishwa na aliyeyapitia, ana sababu ya kuamini anachoamini. Hana sababu ya kukileta katika toleo la tano. Katazo la kunyata ukiwa na ghadhabu halimo tena. Sharti la kuwa nyuma ya adui halimo. Kujificha ni njia moja tu ya kupata faida, na mhusika tunayemzungumzia haihitaji, kwa kuwa shambulio la pupa humpa faida kila zamu anayoitaka, ana kwa ana, mchana kweupe. Hapo ndipo ndoa ya fani hizi mbili ilipo: Mjanja huhangaika kutafuta faida, Barbari huipata kwa kuamua tu.

Dawa inayouzwa zaidi kwa ugonjwa huu wa kufikirika ni Barbari wa Wepesi: pandisha Wepesi hadi juu, shika rapia, ingia katika ghadhabu kwa ajili ya kinga tu. Tuipime kwa hesabu, maana ushauri usiopimwa ndio uliotufikisha hapa. Chukua mhusika wa ngazi ya 8, Barbari 5 na Mjanja 3, anayempata adui kwa asilimia 65 kila anaporusha dadu moja, mwenye nyongeza ya 4 katika sifa yake kuu. Akipiga kwa Nguvu, kila pigo la rapia lina wastani wa 4.5, jumlisha 4 za Nguvu na 2 za ghadhabu, jumla 10.5. Kwa shambulio la pupa, asilimia 65 inapanda kuwa karibu 88. Mapigo mawili yanampa kama 18.4, na pigo la kuvizia la dadu mbili za pande sita, ambalo sasa ana zaidi ya asilimia 98 ya kulipata katika moja ya mapigo hayo, linaongeza 6.9. Anafika 25 na ushei kwa zamu, hata kabla ya kuhesabu mapigo ya bahati. Akipiga kwa Wepesi, anapoteza 2 za ghadhabu katika kila pigo na anapoteza shambulio la pupa lote. Mapigo yake mawili yanatoa 11 hivi, kuvizia kunaongeza 6.1, tena ikiwa tu yuko mwenzake pembeni mwa adui. Jumla ni 17. Ametupa thuluthi ya makali yake ili kutii sharti ambalo halipo. Anayeutoa ushauri huu hadharani ana wajibu wa kuifanya kwanza hesabu hii kwenye karatasi. Ni mistari mitano.

Dawa ya pili, ya kuomba shoka kubwa lihesabiwe kuwa la kuvizia, ni mbaya kwa namna nyingine. Msimamizi ana uhuru wa kuruhusu, hilo halina ubishi. Lakini ombi lenyewe linatokana na kudhani kwamba rapia mkononi mwa Barbari ni adhabu. Tofauti ya wastani kati ya dadu ya pande kumi na mbili na ya pande nane ni 2 tu kwa pigo, na rapia inashikwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili unabeba ngao, na ngao ni 2 za ulinzi kwa mhusika ambaye ameamua kushambulia kwa pupa, hivyo kuwapa maadui faida dhidi yake hadi zamu yake irudi. Anayeacha ngao ili apate shoka ameuza alichokihitaji zaidi.

Pingamizi la pupa ni zito kuliko mengine na linastahili jibu kamili. Adui aliyekuwa akikupata kwa asilimia 50 sasa anakupata kwa 75. Madhara unayoyatarajia yanazidi kwa nusu. Hata hivyo ghadhabu inakata katikati madhara ya kuponda, kudunga na kukata, kwa hiyo unapokea robo tatu tu ya ambayo ungepokea bila ghadhabu na bila pupa. Umelipia faida ya zamu nzima na bado uko upande wa nafuu. Mjanja akifika ngazi ya 5, anaongeza mwitiko unaokata nusu ya madhara ya shambulio moja analoliona likija. Vyote viwili vinafanya kazi pamoja: pigo la 24 linakuwa 12, kisha 6. Sijui fani nyingine mbili za kupigana ana kwa ana zinazokamilishana hivi bila tone la uchawi. Udhaifu halisi uko kwingine. Moto, baridi na sumu havikatwi na ghadhabu ya kawaida, na mtu mwenye pupa mbele ya maadui sita wadogo atachujwa damu, kwa sababu mwitiko ni mmoja kwa mzunguko. Hapo anapaswa kuacha pupa, asimame karibu na mwenzake, na aendelee kuvizia kwa sharti lile la pili.

Kuna wanaokubali hesabu lakini wanasema wahusika hawa wawili hawafanani kwa tabia: mmoja ana hasira, mwingine ana mahesabu. Fasihi iliyouzaa mchezo huu inawakana. Conan wa Robert E. Howard, mfano mkuu wa barbari, ni mwizi katika hadithi ya mnara wa tembo iliyochapishwa Machi 1933, akipanda kuta usiku kutafuta kito. Fafhrd wa Fritz Leiber, aliyejitokeza mwaka 1939, ni mtu wa kaskazini yenye theluji anayeishi kwa wizi mjini. Waliotunga mchezo huu walikua wakisoma hadithi hizo. Mtu wa porini anayejua kunyata, kusubiri, kisha kulipuka hana mgongano wowote wa nafsi. Ni mwindaji, na wawindaji wako katika kila jamii.

Nisieleweke kwamba mchanganyiko huu unashinda kila kitu. Barbari halisi wa ngazi ya 8 mwenye upanga mkubwa wa mikono miwili, ambaye ameshapata maboresho mawili ya sifa badala ya moja, hutoa wastani wa 25 hivi katika hesabu ile ile, na akiwa na kipaji cha silaha kubwa cha 2014 hupita mbali. Anayetafuta madhara pekee abaki Barbari. Mchanganyiko unakupa kiasi kile kile cha kawaida, ukiwa na ngao mkononi, stadi zilizokomaa, na uwezo wa kukimbia, kujitoa au kujificha kwa tendo la ziada. Ubingwa wa Mjanja katika riadha ndio unaonipendeza zaidi: mwenye Nguvu 18 na umahiri wa 3 anarusha kwa nyongeza ya 10, tena kwa faida akiwa na ghadhabu. Katika kanuni za 2014 karibu hakuna adui wa umbo la binadamu atakayeponyoka mikononi mwake.

Onyo moja kwa waliofika mezani kutoka Baldur's Gate 3. Katika mchezo huo wa kompyuta wa 2023, Mjanja wa tawi la wizi hupata tendo la ziada la pili, na mchanganyiko na Barbari ukapata sifa kubwa kwa sababu hiyo. Mezani uwezo huo haupo. Mikono ya haraka ya mwizi wa mezani ni ya kufungua kufuli, kuchomoa mfukoni na kutumia vifaa. Pia kompyuta haiulizi kiwango cha sifa unapochanganya fani; kitabu kinadai Nguvu 13 na Wepesi 13, na asiyevifikisha hachanganyi.

Kwa anayetaka kuanza leo. Ngazi ya kwanza iwe ya Barbari, kwa kuwa ukiingia baadaye unapewa silaha na ngao lakini hupewi deraya za wastani. Kwa pointi 27 nunua Nguvu 15, Wepesi 14, Ustahimilivu 14, Busara 12, na vilivyobaki 8. Wepesi 14 si upotevu, ndicho kikomo ambacho deraya ya wastani inakihesabu. Ukitaka kunyata vaa bamba la kifua, ukitaka kupigana tu vaa deraya nusu na ubebe ngao. Fika Barbari 5 kwanza upate pigo la pili, kisha Mjanja hadi 5 bila kusita. Asiyependa kuchelewa achukue Barbari 2 na Mjanja kwa ngazi zote zilizobaki, atapata pupa na dadu nyingi za kuvizia, ila pigo moja. Anayependa kukaba achukue Mjanja 1 tu. Tawi la dubu linafaa Barbari wa 2014, maana linakata kila madhara isipokuwa ya kiakili. Kumbuka ghadhabu inakula tendo la ziada la zamu ya kwanza, na kwa kanuni za 2014 inazimika ukimaliza zamu bila kushambulia adui wala kuumizwa tangu zamu iliyopita, kwa hiyo usijifiche kusubiri. Jambia la kurusha linavizia, lakini kwa kanuni za 2014 halipati pupa wala nyongeza ya ghadhabu. Wanaotumia kitabu cha 2024 wana neema zaidi: pupa inadumu hadi zamu yako ijayo, hivyo pigo la fursa nje ya zamu nalo huvizia, na kuanzia Barbari 3 unaweza kunyata kwa Nguvu ukiwa na ghadhabu. Ila ukifika Barbari 9, pigo la kikatili unalolipata linakutaka uache faida katika shambulio moja. Liachie shambulio ambalo mwenzako amesimama karibu na adui, au ulitumie baada ya kuvizia kwako kwa zamu hiyo kumeshaingia.