Kuokolewa Si Kupona

Mwezi Oktoba 2015, machimbo ya dhahabu ya Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, yaliporomoka. Wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula wadudu na vyura. Januari 2017, wengine 15 waliokolewa mkoani Geita. Taifa lilishangilia, na lilistahili kushangilia.

Lakini kuokolewa si kupona. Mtu aweza kurudi nyumbani mwili mzima, huku kila usiku akiota yumo shimoni, akishtuka kwa kishindo cha mlango, akikataa hata kulitaja duara, na kuwa mkali kwa mkewe na wanawe. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kumvurugia maisha, tusiseme ni mwoga au amerogwa. Hicho ni kiwewe, nacho ni ugonjwa wenye tiba.

Tiba yenyewe ni mazungumzo yenye mpango. Mgonjwa halazimishwi kusimulia siku ile ile ya kuokolewa. Baadaye mtaalamu humwongoza kidogo kidogo kuyakabili yaliyompata, hata akili ikakubali kwamba hatari imepita. Pombe haiwezi kazi hiyo. Huyalaza maumivu usiku na kuyaamsha asubuhi.

Ni wajibu wa viongozi wa mikoa hii, wenye migodi na vyama vya wachimbaji kuhakikisha kwamba kila aliyenusurika anatembelewa na mganga baada ya mwezi mmoja, wakati shangwe zimekwisha. Aliyetolewa shimoni asiachwe peke yake na giza lake.