Mkunjo Ulio Chini ya Sinki

Je, wajua kwamba bomba la sinki la kufulia lingeweza kushuka moja kwa moja, likaziba kwa nadra, na bado fundi anayeijua kazi yake akakataa kulifunga hivyo? Hulikunja makusudi. Linashuka, linapinda, linapanda kidogo, ndipo linaelekea ukutani. Mafundi huuita mkunjo huo trapu. Sinki likishamaliza kumwaga, maji kidogo hubaki humo, kimo cha sentimita 5 hivi au zaidi, nayo ndiyo yanayoizuia hewa ya shimo la choo isirudi ndani ya nyumba.

Mwaka 1775, Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa fundi saa jijini London, alipata hataza ya choo cha maji chenye bomba lililopinda kama herufi S. Umbo hilo lina udhaifu wake: maji yakishuka kwa kasi huweza kuyanyonya hata yale yaliyotakiwa kubaki. Ndiyo sababu mabomba ya sinki nyingi za leo hutokea ubavuni, kuelekea ukutani, badala ya kuzama tena sakafuni.

Anayedhani maji hayo machache ni ya kuondoa harufu tu, aangalie yaliyotokea Hong Kong. Mwezi Machi 2003, katika maghorofa ya Amoy Gardens, wakazi zaidi ya 300 waliambukizwa ugonjwa wa SARS na 42 wakafariki. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na wachunguzi ni trapu za sakafu ya bafuni zilizokauka. Watu walikuwa wakipiga deki bila kumwaga maji sakafuni, kwa hiyo hakukuwa na cha kuzijaza. Feni za bafuni zikivuta hewa, zilivuta na matone kutoka kwenye bomba la maji taka.

Sasa, palipotengenezwa ili maji yatulie, uchafu nao hutulia. Sinki la kufulia ndilo huonja zaidi. Dekio likikamuliwa, mchanga hutangulia kushuka na kulala chini ya mkunjo. Zinafuata nyuzi za khanga na taulo, na nywele. Kisha inakuja sabuni ya mche, ambayo wengi hudhani inasafisha bomba inapopita. Kwenye maji ya kisima yenye chokaa, yale yanayokataa kutoa povu, kalsiamu hushikana na asidi za mafuta zilizomo kwenye sabuni na kufanya utando wa kijivu usioyeyuka. Utando huo huzigandisha nyuzi kwenye ukuta wa bomba, tabaka juu ya tabaka. Sabuni ya unga haina tabia hiyo kwa kiwango kile.

Na kwa kuwa hakuna sinki la uani linalobaki la nguo peke yake, sufuria nazo hufika. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzijoto 24 hivi: Dar es Salaam yatapita yakiwa maji, Njombe mwezi wa saba yataganda njiani. Mafuta ya ng'ombe hayasubiri baridi, yanaganda popote. Kuyafukuza kwa maji ya moto ni kuyasogeza mbele tu, yakagande mahali ambapo mkono haufiki. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, lilikutwa bonge la mafuta na vitambaa vya kupangusia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi.

Kuikinga trapu isizibe ni rahisi mno. Dekio na viatu vyenye tope visuuzwe kwenye ndoo. Mchanga ukishatuama, maji ya juu ndiyo yaende sinkini, mashapo yatupwe nje. Mpira wa kutolea maji wa mashine ya kufulia ukifungwa soksi ya nailoni mdomoni hukamata nyuzi nyingi ajabu, mradi soksi isafishwe kabla haijajaa. Sufuria ifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Machicha ya nazi na majani ya chai yaishie kwenye kichujio.

Ikishaziba, ule mchanganyiko maarufu wa magadi ya kuokea na siki hupendeza macho kuliko unavyofanya kazi: moja ni besi, nyingine asidi, zikikutana hupoozana, na kinachobaki baada ya mapovu ni maji yenye chumvi hafifu. Soda kali ya kuzibulia kweli hula mafuta na nywele, ila hutoa joto kali, na ikikutana na alumini huzalisha hidrojeni, gesi inayowaka. Ikishindwa kuzibua, trapu hubaki imejaa kimiminika kinachounguza, kikimsubiri atakayekuja kuifungua.

Kuifungua kwenyewe, kama soda haijamwagwa, ni kazi ya dakika chache. Ndoo huwekwa chini, nati za plastiki hulegezwa kwa mkono, mkunjo hutolewa na kusuguliwa kwenye bomba la nje, kwa maana wapo wanaousuuza kwenye sinki hilohilo waliloliacha wazi chini na kulowesha miguu yao. Wakati wa kurudisha, mpira mwembamba wa kuzuia uvujaji uangaliwe usipinde. Kisha maji yafunguliwe, na tishu kavu ipitishwe kuzunguka kila nati. Itaonyesha unyevu ambao jicho bado halijauona.